Miaka Ishirini na Mmoja ya Kupunguza Mabuti: Bi. Paskazia Kokugonza Anaaga Stoo

Bi. Paskazia Kokugonza, mtunza stoo ya sare na fundi wa mabuti wa kampuni yetu ya ulinzi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya utumishi wa miaka ishirini na mmoja na miezi mitano. Ofisi imemwandalia keki. Keki hiyo imechorwa buti juu yake, na kwa wale watakaobahatika kuliona kabla halijakatwa, buti hilo limekaa vizuri kuliko buti lolote ambalo ofisi hiyo hiyo imewahi kumpa mlinzi avae.

Tuseme wazi kazi yake ilikuwa nini, maana cheti atakachokabidhiwa kinasema "huduma za vifaa", maneno ambayo hayamwambii mtu chochote. Kazi yake ilikuwa kuchukua mabuti ya ngozi yaliyozidi miguu na kuyafanya yavalike. Katika muda wote huo aliomba kitu kimoja tu: miguu ya walinzi ipimwe kabla ya mabuti kuagizwa. Hakuomba cheo, wala stoo yenye dirisha, ingawa alistahili vyote viwili. Kwa miaka ishirini na mmoja alijibiwa inshallah, ile inshallah ya ofisini ambayo Mungu mwenyewe hahusishwi nayo.

Bi. Paskazia alizaliwa Kamachumu, mkoani Kagera. Alikuja Dubai mwaka 2001 kufanya kazi za ndani katika nyumba moja ya Rashidiya, ambako madam alikuwa na watoto watatu waliofundishwa kupanda farasi. Madam aliwanunulia mabuti ya farasi yaliyowazidi namba mbili, ili yawafae miaka mingi, kisha akamwagiza dada wa kazi ajaze pamba mbele. Dada wa kazi alijaza pamba wiki moja, akaona visigino vya watoto vimechubuka, akaacha kujaza pamba na kuanza kufikiri. Siku zake za mapumziko alikaa kwenye kibanda cha fundi viatu mmoja wa Peshawar, akimtazama mikono. Hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo wengi wetu hatulijui hadi leo: buti kubwa halikuumizi vidoleni, linakuumiza kisigino. Usilijaze mbele. Ushike mguu kwa juu, uusukume nyuma, ukae.

Mwaka 2004 kafeel wake, yaani mdhamini wa viza, alihama, viza yake ikahamishiwa kwetu, naye akawekwa stooni Al Quoz kukunja mashati. Ndipo akaiona miguu yetu.

Alikuta wanaume wazima wamejaza magazeti kwenye mabuti. Alikuta soksi tatu tatu katika joto la Agosti, na harufu ambayo jarida hili halina namna ya kuieleza. Alimkuta mmoja, ambaye sasa ni msimamizi wa zamu na hatutamtaja, aliyesikia mahali kwamba ngozi hunywea ikilowa. Bwana huyo aliyaloweka mabuti yake kwenye ndoo siku nzima, kisha akayaanika juu ya mashine ya nje ya kiyoyozi. Yalinywea kweli. Yalinywea yakawa magumu kama mkate wa juzi, yakapasuka pale kidole gumba kinapokunjika, na mwenyewe akakilaumu kiwanda. Bi. Paskazia alimweleza kwamba maji yapo, lakini ni ya uvuguvugu, ya kupangusia kwa kitambaa, na buti hukaukia mguuni kivulini, kisha hupakwa mafuta. Na hata hivyo hulipunguzi zaidi ya nusu namba. Anayetaka zaidi ya hapo atafute buti jingine, au mguu mwingine.

Utaratibu wake haukubadilika. Ilianza soli ya ndani, nzima, ambayo aliikata kwenye mabaki ya zulia la ukumbi wa mikutano, kwa kuwa ofisi ilikuwa na tabia ya kubadilisha zulia kila rangi ilipowachosha. Walinzi wengi wa kampuni hii wamekuwa wakilikanyaga zulia la wakurugenzi bila kujua. Kisha ilifuata pedi chini ya ulimi wa buti, halafu vipande viwili vya ngozi laini, kila upande wa kisigino. Mwisho kamba: ifungwe fundo moja pale mguu unapokunjika, ikazwe, ndipo ipande juu. Ni jambo la nusu dakika. Watu wenye diploma walirudishwa mara nne nne kulijifunza.

Alikuwa mkali, na hatutamsingizia upole kwa sababu anaondoka. Aliyemletea buti lenye matope alirudi nalo. Aliyesema linabana bila kutembea alitembezwa.

Mwaka wa pili ndipo alipogundua kwa nini kazi yake haipungui. Wakati huo kila mlinzi alijaza mwenyewe namba ya kiatu kwenye fomu ya sare. Cyrus Gachanja, mlinzi wa lango kutoka Othaya, mwenye mguu wa 41, alijaza 44. Wangari, mwenye 38, alijaza 43. Bi. Paskazia alidhani hawajui namba zao. Walizijua sana. Utaratibu wa kampuni ni kwamba buti likitimiza mwaka mmoja ni mali ya aliyelivaa, na buti la ngozi la namna ile huko nyumbani si mchezo. Basi kila mtu alijaza namba ya yule atakayerithi. Cyrus alijaza mguu wa baba yake, anayekamua ng'ombe kwenye matope. Wangari alijaza wa kaka yake wa bodaboda, na Lenny wa lango la mizigo alijaza wa mjomba aliyemsomesha. Zaidi ya nusu ya walinzi wetu walikuwa wamesimama malangoni ndani ya viatu vya watu walioko Othaya, Kericho, Singida na Mbarara, wakivivunja ugumu kwa niaba yao.

Bi. Paskazia alitamka hukumu ambayo wa zamani bado wanaikumbuka: "Huu ni upumbavu wa mapenzi, na ndio mbaya kuliko wote, maana hauoni haya." Baada ya kusema hivyo alifanya jambo ambalo ofisi haijawahi kulijua. Aliacha kabisa kutumia gundi. Kila pedi aliishona kwa nyuzi chache ndefu, ili mwaka ukiisha achomoe nyuzi, atoe pedi, na buti lirudie ukubwa wake kwa mwenyewe. Chini ya ulimi wa kila buti aliandika majina mawili kwa kalamu ya wino: la anayevaa na la anayengoja. Fikiria kazi hiyo. Kulikalisha buti kwenye mguu mmoja kwa mwaka mzima, huku unalitunza kwa ajili ya mguu mwingine ambao hujawahi kuuona. Wataalamu wa ofisini wasingeweza hata kuielewa, sembuse kuifanya.

Mwaka 2019 ofisi ikaamua kurahisisha mambo. Karani mmoja wa manunuzi, mwenye shahada, alikusanya fomu zote za sare, akajumlisha namba za viatu, akagawanya kwa idadi ya walinzi, akapata arobaini na tatu na ushei. Akaipandisha ikawa 44. Akaandika barua safi sana, kwamba buti namba 44 "linamfaa mlinzi wa wastani", na kwamba kuagiza namba moja kwa wote kutaokoa muda. Hakuna aliyeuliza huyo mlinzi wa wastani ni nani. Hakuwepo. Waliokuwepo ni baba zake na wajomba zake.

Tangu mwaka huo walinzi wote mia mbili na kumi na wawili, wanaume na wanawake, wanapewa 44. Malalamiko ya kwanza yaliyofika ofisini hayakutoka kwa mwanamke mwenye mguu wa 37. Yalitoka kwa Lenny, aliyelalamika kwamba mjomba wake huvaa 42. Ofisi nayo ikaleta mtaalamu wa afya ya miguu, aliyetuonyesha picha za mifupa kwa saa mbili na kutushauri tusimame kwa furaha. Alikuwa amevaa raba.

Bi. Paskazia alizikabili 44 hizo kwa miaka sita. Zulia la wakurugenzi liliisha, akahamia kwenye mikanda mibovu na viti vya basi vilivyotupwa. Alishona mpaka kidole cha shahada kikaota sugu.

Januari mwaka huu alipokelewa Virginia Moraa, mlinzi wa jengo moja la ofisi mjini. Virginia ni yatima. Hakuwa na mtu wa kumrithisha mabuti, hivyo alijaza fomu kwa ukweli mtupu: 37. Akapewa 44. Bi. Paskazia alimwambia kwamba namba saba hazishoneki, kisha akamshonea hivyo hivyo kwa sababu zamu ilikuwa inaanza. Hilo hajajisamehe mpaka leo, na amesema tuliandike.

Mwezi wa pili, katika zoezi la moto la jengo lile, Virginia alitakiwa kuwashusha watu kwa ngazi. Alifika ghorofa ya tatu. Buti lilibaki kwenye ngazi ya juu, mguu ukatangulia, akaanguka hadi sakafuni na kuvunjika kifundo. Ofisi, kwa huruma yake inayojulikana, ilimwandikia barua akiwa na plasta mguuni: uzembe katika kuvaa sare, mkataba utasitishwa, ajiandae kurudi kwao.

Siku hiyo Bi. Paskazia alifunga stoo, akapanda basi hadi ofisi kuu, akaingia kwa meneja wetu, Bwana Raed, na kuyaweka mabuti ya Virginia juu ya meza, kwenye makaratasi. Pedi zote alikuwa amezitoa. Alisema sentensi moja: "Vaa, sir, ushuke ngazi." Bwana Raed, mwenye mguu wa 41, alicheka. Kisha akaona wafanyakazi wamejaa mlangoni, akavaa. Alishuka ngazi nne. Alipanda akiwa na soksi, mabuti ameyabeba mkononi, akisema, "Khalas, mama, khalas." Barua ya Virginia ilichanwa palepale. Kuhusu kupima miguu ya wote, alisema inshallah.

Mwezi wa tano ikatoka habari nyingine. Bi. Paskazia akistaafu, nafasi yake haitajazwa. Ofisi iliona kwamba mtu akihitaji pedi anaweza kununua dukani. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila aliyewahi kuvaa kazi ya mikono yake: kuanzia Desemba, walinzi mia mbili na kumi na wawili ndani ya 44, bila zulia, bila pedi, bila mtu wa kuwafungia kamba. Virginia alikuwa ndiye wa kwanza tu.

Bi. Paskazia hakungoja ruhusa. Alianza kupima mwenyewe, saa kumi na moja jioni, baada ya zamu, mguu ukiwa umevimba na unasema kweli. Mlinzi alisimama juu ya karatasi, miguu yote miwili, yeye akapiga magoti na kuzungusha penseli.

Na hapa, ndugu zangu walinzi, mniwie radhi, maana ofisi si peke yake yenye ujinga. Judy, mlinzi mwenzenu, alikuja kupimwa amevaa soksi tatu. Lenny alijaribu kusimama na vidole vimekunjuliwa kama bata. Cyrus, miaka kumi na tisa kazini, alitazama penseli ikimzunguka, akainama na kunong'ona: "Mathe, si usongeshe hiyo penseli nje kidogo tu?" Alipigiwa kelele zilizosikika hadi jikoni. Aliulizwa anayesimama langoni ni yeye au ni baba yake. Cyrus akajibu bila hasira: "Buda hajawahi kuvaa kiatu cha ngozi chenye haikuwa ya mtu mwingine kwanza. Na bado huwa inamfinya. Hii ya huku ndiyo ya kwanza inamtosha."

Bi. Paskazia aliweka penseli chini. Alifunga stoo mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku aliyokuwa na homa.

Siku ya pili alikuja na karatasi ndefu, akaibandika nyuma ya mlango wa stoo. Upande mmoja aliandika kila mlinzi na namba ya mguu wake wa kweli. Upande wa pili, yule anayengoja nyumbani na namba yake. Kisha akachora mistari. Rama, mlinzi kutoka Kondoa anayeendesha pia basi letu, ana mguu wa 44 wa halali kabisa. Mwaka ukiisha, buti lake litakwenda Othaya kwa baba yake Cyrus. La Cyrus, 41, litakwenda kwa kaka yake Judy. La Lenny litakwenda Singida, na mjomba wake Lenny atapata la mtu mwingine mwenye 42. Kila mtu avae mguu wake, na kila nyumba ipate buti lake. Jambo hili lingeweza kufikiriwa na yeyote kati yetu wakati wowote katika miaka ishirini. Hatukulifikiria. Tulikuwa tunajaza magazeti.

Baada ya hapo hakuna aliyedanganya penseli. Karatasi mia mbili na kumi na mbili zilikamilika mwezi wa nane, akazipeleka ofisini zikiwa kwenye mfuko wa mchele. Ofisi ilijibu kwamba hazikuwa kwenye fomu rasmi. Zilikabidhiwa kwa karani wa manunuzi, yule yule wa wastani, naye akazifungia kwenye droo.

Karani huyo ndiye anayeandika haya. Hana la kujitetea. Alihesabu miguu ya watu miaka sita bila kuuona hata mmoja, na aliona fahari. Bi. Paskazia alikuja mezani kwake bila kusalimia, akafungua droo, akatafuta karatasi moja na kumwekea mbele: mguu wa kushoto wa Virginia, ambao mstari wa kifundo umepinda. Akaketi. Alikaa mpaka karani alipoona aibu ya kutosha.

Mwezi wa tisa fomu ya kuagiza mabuti ilipelekwa kwa Bwana Raed kama kila mwaka. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kama kila mwaka: mabuti ya ngozi, jozi mia mbili na kumi na mbili. Ukurasa wa pili ulikuwa na namba, kuanzia 36 hadi 46, mguu kwa mguu. Bwana Raed alitia sahihi akiwa kwenye simu. Hakudanganywa. Ni ukurasa wa pili tu ambao hakufunuliwa.

Mabuti yalifika Jumanne wiki hii. Virginia, ambaye amerudi kazini tangu mwezi wa sita, ndiye aliyeitwa wa kwanza. Alivaa 37. Bi. Paskazia alikuwa ameshatunga uzi kwenye sindano, kwa mazoea. Aliingiza kidole nyuma ya kisigino, akabonyeza mbele, akamtembeza hadi uani. Akamwambia apande ngazi za hosteli yetu hadi juu kabisa, ashuke, apande tena, ashuke mbio. Walinzi waliokuwa kwenye foleni walisikiliza hatua. Virginia alipofika chini, mabuti yote mawili alikuwa nayo miguuni. Bi. Paskazia alichomoa uzi kwenye sindano, akauzungusha kwenye kidole, akasema, "Nenda kazini."

Virginia hakwenda. Aliomba kalamu. Kwenye ile karatasi ya mlangoni, nafasi ya anayemngoja nyumbani ilikuwa tupu mbele ya jina lake peke yake. Aliandika: Paskazia Kokugonza, Kamachumu, 38. Wangari, aliyekuwa nyuma yake, akachora mstari kutoka kwenye buti lake mwenyewe. Bi. Paskazia alifoka kwamba yeye si mkulima wa kuvaa mabuti ya polisi, kwamba watu wazima wanacheza na mali ya kampuni, na kwamba foleni isogee, yalla. Alifoka huku machozi yanamtoka, na jina hakulifuta.

Bi. Paskazia, asante kwa miguu yetu. Tusamehe kwa kuchelewa kuwa na akili. Ofisi itakupa keki na cheti. Sisi tutakuletea buti mwakani, likiwa limeshalainika. Kapumzike salama Kamachumu, na siku zako zote zikukae vizuri.

Imeandikwa na Gibson Mwandawiro, karani wa manunuzi, hadi hapo mtu atakapomtafsiria Bwana Raed ukurasa huu.